Gauni Lililozaliwa Limekunjwa: Uchambuzi wa Kisa cha Kinematics

Mwaka 2014, katika kiwanda cha Shapeways, kampuni ya uchapishaji wa 3D, mjini New York, wafanyakazi walizamisha mikono kwenye unga mweupe wa nailoni wakaanza kufukua. Walichokitoa kilikuwa bonge lisiloeleweka, limesheheni unga kila upenyo, kama karatasi iliyosahaulika mfukoni ikafuliwa pamoja na suruali. Wakalipuliza kwa hewa, wakalikung'uta, kisha wakalikunjua, mkunjo baada ya mkunjo, hadi likawa gauni la kuvaliwa. Hapakuwa na mkasi, sindano wala uzi. Hapakuwa hata na kazi ya kuunganisha kipande na kipande.

Gauni hilo linaitwa Kinematics Dress, na ndilo nitakalolichambua hapa. Lilichapwa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka kutoka kwenye faili la kompyuta. Yapo mavazi mengine ya 3D yaliyopigwa picha nyingi kuliko hili. Nimelichagua kwa sababu waliolibuni hawakuanza na swali lililowashughulisha wengi katika fani hii, yaani plastiki itageuzwaje kuwa kitambaa. Walianza na swali linaloonekana dogo: gauni linaingiaje ndani ya mashine iliyo ndogo kuliko gauni lenyewe?

Hali ilivyokuwa

Uchapishaji wa 3D ulikuwa umeshaingia kwenye majukwaa ya mitindo miaka minne kabla. Mwaka 2010, mbunifu Mholanzi Iris van Herpen alionyesha vazi la mkusanyiko wake wa Crystallization, alilolifanya pamoja na msanifu majengo Daniel Widrig. Lilikuwa jeupe, limejikunjakunja, na lilishika umbo lake lenyewe kama ganda la konokono. Aliyelivaa ndiye aliyepaswa kulifuata. Mwaka 2013 Michael Schmidt na Francis Bitonti walimbunia msanii wa jukwaani Dita Von Teese gauni la wavu lililoweza kucheza na mwili. Hilo nalo lilichapwa na Shapeways, lakini kwa vipande 17 vilivyounganishwa baadaye.

Hicho kipengele cha vipande 17 ndicho cha kuangaliwa. Cherehani ilikuwa imeondoka, lakini mantiki ya cherehani ilikuwa imebaki: gawa mwili katika sehemu, tengeneza kila sehemu, kisha unganisha. Wabunifu hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Printa inayotumia unga hujenga vitu ndani ya sanduku, na chochote kisichoenea kwenye sanduku hukatwa. Tena nafasi ya ndani ya sanduku hilo ni mali, kwa sababu vitu vingi hupangwa humo na kuchapwa kwa mpigo mmoja. Sasa fikiria gauni likiwa limesimama kama lilivyovaliwa. Karibu lote ni hewa tupu, iliyozungukwa na ngozi nyembamba. Ukilipeleka hivyo mashineni, unalipia hewa.

Nervous System, studio iliyolibuni gauni hili, haikuwa ya mafundi nguo. Jessica Rosenkrantz alisoma biolojia na usanifu majengo katika chuo cha MIT. Jesse Louis-Rosenberg alisoma hisabati hapo hapo. Tangu waanze mwaka 2007 walikuwa wakitengeneza vito na vyombo vya nyumbani kwa programu za kompyuta walizoziandika wenyewe, nyingi zikiiga namna mishipa ya jani inavyotawanyika au matumbawe yanavyokua. Nadhani ugeni wao katika ushonaji uliwasaidia. Fundi angeona gauni na kulipasua kichwani mwake papo hapo: mbele, nyuma, kiuno, mikono. Wao waliona umbo lenye uso unaoendelea, wakauliza linawezaje kufinywa.

Hata wazo lenyewe halikuanzia kwenye nguo. Mwaka 2013 walikuwa na kazi ya kampuni ya simu ya Motorola iliyowataka wabuni vitu ambavyo mtu angejirekebishia mwenyewe, kisha vichapwe kwenye printa ndogo za mezani kwa muda usiozidi saa moja. Printa za namna hiyo zinapata taabu na kitu kilichopinda kikaning'inia hewani, lakini kitu bapa zinakichapa haraka. Kwa hiyo walichora bangili iliyochapwa ikiwa imelala, mnyororo wa pembetatu zenye bawaba, ambayo baadaye unaichukua na kuizungusha mkononi. Kutoka bangili hadi gauni si mbali kama inavyoonekana. Kilichokosekana kilikuwa ni namna ya kukunja.

Pembetatu na bawaba

Gauni la kwanza lina pembetatu 2,279 na bawaba 3,316. Hakuna pembetatu mbili zinazofanana. Kila moja ni ngumu. Ulaini wote wa vazi unatoka kwenye bawaba. Hapo ndipo plastiki ilipoachwa iwe plastiki. Hakuna aliyeiomba nailoni inyumbuke kama hariri; imeombwa izunguke tu, kazi ambayo inaimudu bila shida.

Kuna jambo katika tarakimu hizo ambalo nimelipenda. Pembetatu 2,279 zina pande 6,837. Kila bawaba hushika pande mbili, kwa hiyo bawaba 3,316 zinameza pande 6,632. Kama kila upande umechukua bawaba moja tu, zinabaki pande 205 zisizo na jirani, na hizo ndizo kingo za vazi: shingo, mabega, pindo na popote pengine gauni linapoishia. Yote mengine yameshikana. Fundi akikata gauni la kawaida anapata vipande vyenye kingo pande zote, kisha anatumia siku nzima kuzipunguza kingo hizo hadi zibaki zile tu zinazotakiwa. Hapa kingo zisizotakiwa hazikuzaliwa kabisa.

Bawaba yenyewe ina sehemu mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake kuna nafasi. Nafasi hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Ikiwa finyu mno, sehemu mbili zinaungana wakati wa kuchapa na bawaba inakuwa kipande kimoja. Ikiwa pana mno, nguo inalegea na kukongoroka. Niliwahi kujaribu bawaba ya aina hii kwenye printa ndogo ya mezani, ile inayoyeyusha waya wa plastiki. Mara ya kwanza niliacha sehemu ya kumi ya milimita, nikapata jiwe. Nililipinda kwa nguvu likakatika, wala si kwenye bawaba bali pembeni yake. Nilipoacha nusu milimita ilizunguka, ila ilikuwa ikicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Hiyo ni bawaba moja. Kwenye gauni lenye 3,316, hata ikigoma moja katika kila elfu, unakuwa na sehemu tatu za vazi ambazo zimekufa ganzi, na huwezi kuchagua ziwe wapi.

Kukunja kabla ya kuwapo

Gauni lilianza na mwili. Mtu anaskaniwa, umbo lake linakuwa faili, na gauni linachorwa juu ya umbo hilo. Hilo peke yake halikuwa jipya mwaka 2014. Jipya lilikuja baadaye: programu iliyochukua gauni lililokamilika, ikazitambua pembetatu zote kama vitu vigumu na bawaba zote kama vitu vinavyozunguka, kisha ikaliangusha. Kwenye kompyuta, uvutano unalivuta gauni chini, pembetatu zinagongana, zinalaliana, na gauni linakunjwa mara mbili, tena na tena, hadi linakuwa furushi. Ujazo wake ulipungua kwa asilimia 85. Furushi hilo likaingia mashineni zima zima.

Ugumu wa hatua hii unajificha. Ukikunja shati na mkono ukalala juu ya kifua, hakuna kinachoharibika. Vitambaa viwili vinagusana na maisha yanaendelea. Ndani ya printa ya unga, vitu viwili vinavyogusana ni kitu kimoja. Leza haijui kwamba hii ni sketi na ile ni bega. Kwa hiyo programu ilipaswa kukunja kwa nguvu kadiri iwezekanavyo na wakati huo huo kuhakikisha hakuna pembetatu inayoigusa nyingine. Ukitaka kujua akili ya mradi huu ilipo, ni hapa, wala si kwenye printa. Printa ilikuwa ile ile iliyokuwa ikichapa vipuri na vikasha vya simu.

Uchapaji wenyewe unaelezeka kwa ufupi. Unga wa nailoni unatandazwa tabaka jembamba, takriban sehemu ya kumi ya milimita, ukiwa umepashwa moto hadi karibu na kiwango cha kuyeyuka. Leza inapita ikiyeyusha mahali panapotakiwa tu. Linatandazwa tabaka jingine. Unga usioguswa na leza unabaki ulivyo na kukibeba kitu kinachojengwa, ndiyo maana vitu vilivyolaliana vinaweza kuchapwa bila nguzo za kuvishikilia. Gauni lilichukua saa 48 hivi. Baada ya hapo ni kungoja lipoe polepole, kwa sababu nailoni ikipoa kwa pupa hujikunja. Kisha ndiyo ule ufukuaji niliouanza nao.

Nasisitiza ufukuaji kwa sababu simulizi nyingi za uchapishaji wa 3D huruka sehemu hii na kusema "ukibonyeza, vazi linatoka". Halitoki. Mtu analitoa. Kila bawaba imejaa unga ambao usipotolewa hautaruhusu kitu kuzunguka, na unga huo ni laini wa kuingia puani. Kazi ya mikono ilihama kutoka kwenye cherehani kwenda kwenye bomba la hewa.

Kilichobadilika, na ambacho hakikubadilika

Mabadiliko makubwa kuliko yote yako kwenye vipimo. Nguo za viwandani hushonwa kwa jedwali la saizi, na mnunuzi ndiye anayejitafutia nafasi kati ya ndogo, ya kati na kubwa. Fundi wa kupimisha hufanya vizuri zaidi, lakini naye anaanza na kitambaa tambarare, na ili kifuate kifua au nyonga lazima akibane, akishone mikunjo, apunguze hapa na kuongeza pale. Kwenye Kinematics mpindo wa mwili umo ndani ya pembetatu zenyewe. Mteja wa pili akija, umbo lake linaingizwa, na kompyuta inazaa gauni jingine lenye pembetatu nyingine kabisa. Kwa mashine, nguo elfu zinazofanana na nguo elfu zinazotofautiana zina uzito mmoja. Kwa kiwanda cha cherehani ni mbingu na ardhi.

Jambo la pili ni mabaki, na hapa nitakuwa mgumu kidogo. Watetezi wa teknolojia hii husema haina taka, tofauti na ukataji wa vitambaa, ambako hutajwa mara nyingi kwamba asilimia 15 hivi ya kitambaa huishia sakafuni. Ni kweli kwamba hakuna kinachokatwa. Lakini ule unga uliozunguka gauni umekaa kwenye joto kali siku mbili, na nailoni iliyopikwa hivyo haibaki kama ilivyokuwa. Ili utumike tena lazima uchanganywe na unga mpya kwa sehemu kubwa, na kila mzunguko unauzeesha zaidi. Kukunja gauni kulisaidia hapa pia, kwani furushi dogo huzungukwa na unga kidogo. Kupungua si sawa na kutokuwapo.

Sasa mwili. Gauni hili linavalika, linacheza, na ukiona video za mvaaji akizunguka, sketi inafunguka kwa namna ambayo hutarajii kutoka kwa plastiki. Bado ni vigae. Kati ya pembetatu kuna mianya. Ukikaa, unakalia bawaba. Jasho halinywewi na nailoni ngumu, linatiririka. Joto la asubuhi halitunzwi, la mchana linapita. Studio yenyewe iliuona upungufu wa mianya, kwani mwaka 2016, walipotengeneza gauni jekundu la Kinematics Petals kwa ajili ya onyesho la #techstyle katika Museum of Fine Arts ya Boston, kila kipande kilipewa petali inayomfunika jirani yake, kama magamba ya samaki au manyoya ya ndege. Vipande vilipungua hadi 1,600 na ushei, bawaba zikawa 2,600 na ushei. Mianya ikafichika, na vazi likapata kitu ambacho la kwanza halikuwa nacho: mwelekeo. Mbunifu anaweza kuamua petali zilale wapi na zisimame wapi. Kwangu hilo la pili ndilo gauni zuri zaidi, ingawa la kwanza ndilo lenye kisa.

Mwanafunzi mmoja wa ubunifu alishika njia iliyo kinyume. Danit Peleg, kwa mkusanyiko wake wa kuhitimu chuo cha Shenkar mwaka 2015, alitumia printa za mezani na waya laini unaonyumbuka kama mpira, akachapa mapande ya ukubwa wa karatasi ya A4 na kuyaunganisha. Mavazi matano yalikula zaidi ya saa 2,000 za mashine. Yeye alitafuta ulaini ndani ya malighafi yenyewe, Nervous System waliutafuta kwenye maungio. Ukizilinganisha saa 2,000 na saa 48 unaweza kudhani mmoja aliwashinda wenzake, lakini mashine hazikuwa za daraja moja: moja ni ya kuweka nyumbani, nyingine ni ya kiwanda. Peleg alitaka mtu achape nguo sebuleni kwake. Kinematics haikuahidi hivyo.

Uzi bado upo

Kitu ambacho wachambuzi wengi hukisahau ni kwamba vazi lisilo na mshono lilikuwapo tayari. Mwaka 1995 kampuni ya Shima Seiki ya Japani ilizindua mashine za WHOLEGARMENT, zinazofuma sweta zima kwa mara moja, mikono na kiwiliwili pamoja, moja kwa moja kutoka kwenye faili. Hakuna kukata, hakuna kushona, na kinachotoka ni sufu au pamba unayoweza kuilalia. Kwa hiyo mpinzani halisi wa printa si fundi mwenye futi shingoni. Ni mashine ya kufuma, na imekuwa mbele kwa miaka ishirini.

Printa hushinda pale ambapo uzi una udhaifu, na mfano ulio wazi unatoka miguuni. Septemba 2017 Eliud Kipchoge alishinda mbio za Berlin katika hali ya mvua na unyevu, na baadaye akawaeleza Nike kwamba viatu vyake vilinywa maji vikawa vizito. Kitambaa kilichofumwa hushika maji katikati ya nyuzi. Jibu la kampuni lilikuwa Flyprint, sehemu ya juu ya kiatu iliyochapwa kwa waya wa plastiki laini ya TPU, iliyokipunguzia kiatu gramu 11 hivi. Mahali nyuzi zinapopishana, kwenye kitambaa zinasuguana tu. Kwenye Flyprint zimeyeyukiana zikawa kitu kimoja. Aprili 2018 Kipchoge alikivaa London na kushinda. Viatu vilivyouzwa vilikuwa vichache na ghali. Lakini angalia swali lililoulizwa: si "tuchape nguo", bali "tuondoe maji haya". Kinematics ilizaliwa kwa swali la aina hiyo hiyo, sanduku dogo na kitu kikubwa.

Gauni baada ya gauni

Jumba la sanaa la MoMA mjini New York lililichukua gauni la kwanza likaliweka katika hazina yake ya kudumu, na likaichukua na programu iliyolizaa. Uamuzi wa kuchukua vyote viwili naona ulikuwa sahihi, kwa kuwa ukiwa na gauni bila programu una nguo moja ya mtu mmoja. Shapeways, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 2007 ndani ya kampuni ya Philips huko Eindhoven, Uholanzi, kabla ya kuhamia Marekani, ilitangaza kufilisika Julai 2024. Gauni halikuhusika na hilo.

Kuna suala la ukarabati ambalo hadi leo sijaona likijibiwa vya kuridhisha. Gauni la kitambaa likichanika fundi yeyote analishika. Hili, bawaba moja ikivunjika, programu ina umbo la kila pembetatu na inaweza kukupa mbadala wa ile ile iliyoharibika, sawasawa kwa kila kona. Utaichapa kwa dakika chache. Lakini bawaba zilichapwa zikiwa tayari zimeingiliana, na majirani watatu wa ile pembetatu wako gaunini. Utaipenyezaje bila kukata kitu? Unaweza kubuni bawaba ya kubana kwa ajili ya kiraka, au kuchapa majirani wote upya na kusogeza tatizo mbele kidogo. Au unaweza kuchukua sindano na uzi, ukaifunga pembetatu kwa mishono mitatu minne kupitia matundu ya bawaba. Kwa nailoni nyeupe na uzi mweupe, kwa mbali haitaonekana.